Tanbihi ya Kumi na Nne

Kibaoni, Ifakara
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mpendwa Dada Stefania,

Shikamoo dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limetulia tangu mvua zilipokatika. Sisi huku hatujambo. Eveline mke wangu anakusalimu sana. Anasema yale maharage uliyompa Antoni dereva yalifika yote, tena yanaiva kabla mkaa haujaisha, jambo ambalo kwa maharage ya soko la hapa tulishalisahau. Mpunga mwaka huu umetoka vizuri, ndege wamekula fungu lao, na sisi tumebaki na letu.

Kabla ya lolote, dada, nina tangazo. Kama umekaa, kaa vizuri. Kuanzia Jumatatu iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, mimi mdogo wako Meja mstaafu Beatus Lyampawe, mwanahistoria na mchambuzi wa mambo ya nje, nimepigwa marufuku kuyazungumzia mataifa ya kigeni katika banda la kahawa la Zubeiri. Marufuku hiyo imebandikwa kwenye nguzo, imeandikwa kwa wino mzito, na ina vifungu viwili. Kifungu cha kwanza kinamkataza mteja yeyote kuijadili nchi asiyowahi kufika kabla wenzake hawajamaliza kikombe cha kwanza. Cha pili kinamkataza mteja Meja kuzijadili hata zile alizofika, mpaka atakapoleta chanzo ambacho si mtani wake.

Hicho kifungu cha pili ndicho kilichonishikisha kalamu. Hicho, pamoja na ujumbe wako ulioletwa na Antoni, kwamba mwaka huu misa ya shukrani ya kuniombea kwa kuponea vitani ataisoma padri mwenyewe hapo kigangoni Masagati, na kwamba mnanitaka nije nisimame mbele ya waumini, niwaonyeshe vijana hili kovu la kwenye paji la uso na kuwasimulia lilivyopatikana. Jibu la hilo nitakupa, dada, ila univumilie. Nilikuwa ofisa wa ugavi, na kwenye msafara wetu mzigo mzito ulipakiwa lori la mwisho.

Unakumbuka nilivyorudi huku baada ya kustaafu. Miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuhakikisha wenzangu wamekula, wamevaa na wamelala pakavu. Nilipokabidhi bohari nikaja kukuta nyumba isiyo na askari hata mmoja isipokuwa Eveline, naye hakubali kukaguliwa. Wiki ya kwanza nilipanga vikombe kwa kimo. Wiki ya pili nikawa namuuliza, kabla hajaenda sokoni, atarudi saa ngapi na kwa njia ipi. Wiki ya tatu akanitafutia meza, akaiweka kwenye chumba cha nje, akaniambia kwamba wanaume waliosoma wakistaafu huwa wanaandika vitabu. Hivyo ndivyo taifa lilivyojipatia mwanahistoria.

Mambo ya nje yakafuata yenyewe. Redio ya hapa mjini ilinipa robo saa kila Jumamosi, nami nikawa nayakemea mataifa makubwa moja baada ya jingine. Niliyaonya kuhusu silaha, nikayaonya kuhusu kura ya turufu, na kuna mengine niliyaonya mara mbili. Mpaka leo hakuna hata moja lililojibu. Zubeiri anasema tusiyalaumu, huenda mawimbi ya redio yetu yanaishia ng'ambo tu ya Mto Kilombero, kwa hiyo kwa upande wa nchi za nje walionisikia ni watu wa Ulanga peke yao.

Kitabu nilikipa jina *Mbinu za Vita na Diplomasia katika Bonde la Kilombero*. Nilikusudia kuonyesha kwamba wazee wetu walikuwa na sera yao ya nje, tena yenye akili kuliko hizi tunazozisikia kwenye taarifa ya habari. Ila kitabu cha historia kinataka shujaa, nami nilitaka shujaa huyo atoke kwetu. Nikamchagua babu Lyampawe, babu wa babu yetu, wa wakati wa Wajerumani. Wewe uliniambia wazi, tukiwa tunachambua mboga jikoni kwako, kwamba kwa alivyosema mama, babu huyo alilima mpunga, alifuga mbwa wawili, na alikufa kwa uzee. Nikaandika kwenye daftari langu: "Chanzo cha jikoni, hakitoshi." Nisamehe kwa hilo. Utaona jinsi jikoni palivyokuja kunilipiza.

Nikaelekezwa Kisawasawa kwa Mzee Sylvanus, Mhehe wa miaka themanini na ushee, anayesifika kuyajua mapigano yote ya bonde hili kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anagawa mikuki. Nilimkuta anaanika mpunga. Nikamwamkia, nikatoa kinasa sauti, nikaeleza nilichofuata. Akaniuliza mimi kabila gani. Nikasema Mpogoro. Mzee akaacha reki, akanitazama kwa furaha kubwa, akaita waniletee kigoda, akaomba nimtajie jina la babu. Kwenye daftari langu niliandika: "Mtoa habari amefurahi sana kupata nafasi ya kuchangia katika utafiti."

Wewe hapo umeshacheka, dada, nakusikia. Mtu yeyote aliyelelewa nyumbani angecheka. Wahehe ni watani zetu. Mhehe anaruhusiwa kumsema babu yako atakavyo, hata msibani, hata mbele ya jeneza, nawe hukasiriki, unachotakiwa ni kumrudishia makali yaleyale kuhusu babu yake. Lakini mimi niliondoka nyumbani nina miaka kumi na minane, na kambini utani ulikuwa wa vyeo. Mzee alizungumza taratibu, uso mkavu, kila baada ya sentensi ananyamaza na kunitazama, kama anasubiri kitu. Nikadhani ananisubiri niandike. Nikawa naandika.

Alisema kwamba Wajerumani walipoonekana ng'ambo ya mto, babu Lyampawe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia, na alikimbia na chungu cha mkewe kichwani. Nikaandika: "Kurudi nyuma kwa mpangilio, huku akikinga kichwa na kuokoa vifaa vya mapishi." Akasema babu alijificha siku tatu ndani ya kihenge cha mpunga, akatolewa na chafya. Nikaandika: "Kituo cha uangalizi kilichofichwa vizuri." Akasema babu alipobanwa alimsukuma mbele mama mkwe wake aende akaongee na Wajerumani, na yule mama aliongea kuanzia asubuhi mpaka askari wao wakahamisha kambi kwa kuumwa kichwa. Hapo, dada, machozi yalinilengalenga. Nilikuwa nimempata mjumbe maalumu wa kwanza wa bonde la Kilombero. Sura nzima ya tano nikamwandikia yeye, na Jumamosi iliyofuata nikayauliza mataifa makubwa, hewani, wanaye mama mkwe kama huyo?

Wakati wa kuaga Mzee Sylvanus alinyoosha mkono akanivua kofia yangu, ile ya rangi ya udongo, akaivaa yeye, akasema haitoki kichwani pake mpaka nimshinde. Watani ndivyo wanavyofanya, nimeshaelimishwa. Mimi kwenye ukurasa wa shukrani niliandika kwamba mzee aliomba kofia ya mwandishi ibaki kwake kama kumbukumbu ya ushirikiano. Nikarudi Ifakara kipara kinawaka jua.

Muswada aliuchapa Nadhira, binti wa Zubeiri, mwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na banda la baba yake. Binti alikuwa akichapa huku mabega yanamtikisika. Siku mbili za mwanzo nilidhani ana homa, nikamshauri akapime malaria. Baadaye alikuja kuniambia kwamba alidhani anachapa kitabu cha vichekesho, na alikuwa anashangaa jinsi mtu mwenye uso mzito kama wangu anavyoweza kuchekesha bila kujikaza.

Sasa sikia habari ya tanbihi ya kumi na nne. Tanbihi ni yale maelezo ya maandishi madogo chini ya ukurasa. Pale kwenye chungu nilihofia msomaji atadharau, atasema shujaa gani huyu wa kukimbia na chombo cha jikoni kichwani. Basi nikaongeza mstari mmoja huku chini: "Mwandishi ameshuhudia mbinu hii ikitumika katika medani ya kisasa, kwa mafanikio." Mstari huo sikuupata kwa Mzee Sylvanus. Uweke akilini, nitaurudia.

Uzinduzi ulifanyika ukumbi wa parokia, mwezi uliopita. Zubeiri alifunga banda akaja amevaa koti. Walimu walikuja, madiwani wawili walikuja, na mgeni wa heshima alikuwa Mzee Sylvanus, amekaa meza kuu na kofia yangu kichwani. Nikasoma sura ya tatu kwa sauti ya gwaride. Nilipofika kwenye chungu nikasikia mtu anakohoa. Kwenye kihenge wakawa wanakohoa mstari mzima. Kwenye mama mkwe diwani mmoja alitoka nje akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Nikafikiri, kweli historia ikisomwa vizuri inagusa watu.

Ndipo Mzee Sylvanus akasimama. Akaja mpaka kwenye kipaza sauti, akaniwekea mkono begani, akasema kwa upole kabisa:

"Mjukuu wangu Mpogoro, huyo babu yako mimi hata simjui. Jina lake nimelisikia kwako. Nilikuwa nakutania. Nikanyamaza, nikasubiri unijibu. Wewe ukaandika."

Dada, paa la ule ukumbi ni la bati na linapiga kelele mvua ikinyesha, lakini sijawahi kulisikia linatetemeka kwa kicheko. Zubeiri alikaa chini sakafuni na koti lake. Nadhira alikuwa analia. Mimi nilisimama na kitabu changu mkononi, na kwa sababu mtani hakasirikiwi, sikuwa hata na ruhusa ya kununa.

Kicheko kilipopungua akanyoosha mkono Mwalimu Paskazia, anayefundisha historia sekondari, mama mpole asiye na neno na mtu. Akasema haya ya babu yameeleweka, na watu wote tuna babu. Ila yeye ana swali dogo kuhusu tanbihi ya kumi na nne. Kama babu hakukimbia na chungu, je, yule ambaye Meja alimshuhudia kwa macho yake, kwenye medani ya kisasa, alikuwa nani? Nikajibu kwamba hiyo ni siri ya kijeshi. Wakapiga makofi, nikakaa, na mkono wenyewe ukaenda kwenye paji la uso kabla sijauzuia.

Baada ya hapo ndipo maisha ya bandani yalipoharibika. Nikigusia vita vya mbali, wanauliza mama mkwe amefikia wapi na mazungumzo. Nikikemea vikwazo vya uchumi, wanauliza chungu kimepita? Mpaka Zubeiri, kwa kuwahurumia wateja ambao kahawa ilikuwa inawatoka puani, akaibandika ile marufuku.

Eveline akaniambia njia ni moja, niende Kisawasawa nikamtanie mzee na mimi, yaishe. Nikaenda Jumatano. Nilikuwa nimejiandaa usiku na mchana. Nilimkuta anaanika mpunga vilevile, kofia yangu kichwani, nikamwambia, bila hata kumwamkia, kwamba nimefanya utafiti mpya na nimegundua babu yake alikuwa hodari sana wa kupanda milima ya Udzungwa, hasa akiona vumbi la mtu anakuja, na kwamba nyani wa kule mpaka leo wanamkumbuka kwa kuwa aliwakuta wamelala akawapita. Haikuwa kali, dada, najua. Lakini mzee alicheka mpaka akashika reki asianguke. Akanivua aibu yote kwa kicheko kile. Akasema vijana wote wa huku wakirudi kutoka makazini wanapita kwanza kwa watani zao. Mimi nilikuja na kinasa sauti, akajua nimepotea, akaamua kunivuta kidogo kidogo.

Tulikula wali kwa samaki. Tukatukanana vizuri. Mchana wote ulikuwa wa raha hivyo mpaka alipoinua kidole na kuuliza, na hilo kovu je, ulianguka kwenye kihenge?

Hapo nilikuwa na nafasi, dada. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini mdomo umezoea njia yake. Nikamwambia kama ninavyowaambia watu siku zote, kwamba ni jeraha la kule nje tulikokwenda kulinda amani, siku kambi iliposhambuliwa. Basi Mzee Sylvanus akaacha kucheka. Akaivua kofia yangu kichwani pake, akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Pole sana, mwanangu. Hilo siwezi kulitania." Akanirudishia kofia.

Nilirudi Ifakara nimeishika mapajani kama nimebeba kitu cha wizi. Mtu aliyemtania babu yangu mbele ya halaiki amenyamaza mbele ya kovu langu, kwa heshima. Ningependa angenitukana mpaka jioni. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na ndipo Antoni akaniletea habari ya misa.

Sasa dada yangu, lori la mwisho limefika. Nakuandikia kilichotokea kweli.

Kambi haikushambuliwa. Ilikuwa saa tano asubuhi, nimeingia jikoni kukagua, kama ninavyojaribu kumkagua Eveline. Mpishi wa zamu alikuwa Koplo Happyness, binti mwembamba asiyependa maneno mengi. Alikuwa ameosha sufuria kubwa na yuko karibu kuibandika. Mara nje kukasikika mlipuko. Sikuuliza kitu. Nilimnyang'anya sufuria, nikaivaa kichwani, nikakimbia. Ilikuwa imenifunika mpaka puani, kwa hiyo sikuona mlango ulipo. Nilikutana na mhimili wake wa chuma kwa mwendo wote niliokuwa nao, na ukingo wa sufuria ndio ulionipasua hapa unapopaona. Nyuzi saba.

Mlipuko ulikuwa tairi la lori la maji.

Niliporudiwa na akili nilikuwa chini, na Happyness amesimama juu yangu. Alikuwa hajaondoka jikoni. Yeye hakujua kwamba ni tairi, dada, hakuna aliyejua. Alichofanya yeye ni kuzima moto wa majiko yote, ili lolote likitokea tusiungue, akawasukuma wapishi wenzake wawili chini ya meza, kisha akanifunga damu kwa aproni yake. Halafu akasema:

"Afande, naomba sufuria yangu. Watu mia mbili hawajala."

Hakumwambia mtu yeyote. Miaka yote hii hajasema, na nikikutana naye ananipigia saluti kama kawaida. Ofisi iliandika "ajali jikoni", na ingeishia hapo. Lakini jioni ulinipigia simu. Ulikuwa umesikia kwa mtu kwamba nimeshonwa, ulikuwa unalia, ukaniuliza kama wamenipiga hao wabaya. Nikasema ni jeraha dogo tu, usijali. Sikusema uongo hapo, dada. Nilinyamaza, na wewe na katekista mkaujaza huo unyamavu. Mwaka wa kwanza ikawa misa. Mwaka wa pili ikawa misa na ngoma. Kufika mwaka wa tano nilikuwa nimeshaipenda hadithi hiyo kuliko ninavyojipenda mwenyewe, na nikaanza kuisimulia kwa mdomo wangu.

Kwa hiyo umeelewa sasa kwa nini babu mwenye chungu alinikaa rohoni. Mtu mwingine angesikia anatukanwa. Mimi nilisikia nimepata ndugu. Nilimtetea kurasa thelathini, na kila ukurasa nilikuwa najitetea mimi.

Jibu la ujumbe wako ni hili. Nitakuja. Lakini mwombe padri, kama misa ibaki, basi itajwe kwa jina la Happyness, aliyebaki jikoni. Vijana wakitaka kuliona kovu nitawaonyesha, nami nitawaambia lilivyopatikana, na sufuria na mlango na tairi. Na nitakuja na Mzee Sylvanus. Yeye bado hajui. Nataka alisikie hapo mbele yenu, akiwa na kofia yangu kichwani, maana nitamrudishia kabla hatujapanda gari. Alinizuilia kicheko chake kwa heshima isiyo yangu, nami nataka akitoe chote.

Nadhira amekubali kuichapa upya tanbihi ya kumi na nne. Toleo la pili litasomeka hivi: "Aliyeshuhudiwa ni mwandishi mwenyewe. Mafanikio hayakuwepo. Sufuria ilikuwa tupu."

Nisalimie shemeji, na katekista, umwambie taratibu. Wasalimie na wote wa jikoni kwako, ambao siku ile niliwaandika vibaya. Eveline anasema alikuwa anajua tangu zamani, kwa jinsi ninavyoshtuka tairi likipasuka barabarani, na kwamba ndiyo maana masufuria yetu makubwa huwa anayaweka rafu ya juu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na kukuomba radhi,

Beatus Lyampawe
Meja mstaafu, Ugavi